Kamba Yenye Ncha Mbili: Tumaini na Kukata Tamaa katika Sanaa ya Wayahudi, na Funzo Lake kwa Fasihi Yetu



Nawashukuru walioamua kwamba mhadhara huu wa wazi utolewe hapa, kando ya barabara iendayo Singida, badala ya ukumbi wa chuo. Taaluma ya Kiswahili imezoea kuzungumza na pwani na miji mikuu. Leo inazungumza mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa wengi wetu, baada ya Kiiraqw, Kidatooga na Kinyaturu, na ambapo mlima Hanang unaonekana dirishani.

1. Utangulizi

Baadhi yenu mmeniuliza, kwa heshima lakini kwa mshangao, kwa nini mtu wa fasihi simulizi aje Endasak kuzungumzia sanaa ya Wayahudi. Naomba nijibu kwa kuungama jambo.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima huu, yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wiki ile nilikuwa katika msiba mmojawapo. Bibi mmoja alisimama akaomboleza kwa Kiiraqw, kwa muda mrefu. Wageni waliotoka mbali hawakuelewa, nikaombwa niwatafsirie kwa Kiswahili. Nilitafsiri nusu. Yale ya shukrani niliyatafsiri. Yale ya uchungu, maneno makali aliyouambia mlima na aliyomwambia Mungu, niliyapitia juu juu, kisha nikaongeza kwa ulimi wangu mwenyewe sentensi moja ya matumaini ambayo yeye hakuitamka. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Bibi, ambaye Kiswahili anakijua vizuri kuliko nilivyodhani, alinitazama tu, akaketi.

Tangu siku ile nimejiuliza: nilifanya kosa gani hasa? Je, tumaini ni jambo baya? Kama si baya, kwa nini nilijisikia kama mtu aliyeiba? Jawabu sikulipata katika vitabu vya nadharia nilivyovizoea. Nililipata kwa watu ambao kwa zaidi ya miaka elfu mbili wamelazimika kulitafakari swali hili kuliko wengi wetu, yaani Wayahudi. Hoja yangu ya leo ni fupi: mtunzi ana haki ya kukata tamaa. Tumaini ni kazi ya hadhira.

2. Neno na kamba

Tuanze na maneno. Katika Kiswahili hatusemi tu kwamba mtu hana tumaini. Twasema amekata tamaa. Neno tamaa, lenye asili ya Kiarabu, tunalilaumu siku zote. Tamaa mbele, mauti nyuma, husema wahenga. Lakini tamaa hiyo hiyo ikikatika, tunalia. Na angalieni kitenzi tunachokitumia: kukata. Lugha yetu inaichukulia tamaa kuwa kitu kilichofungwa mahali, kinachovuta na kuvutwa, ambacho kinaweza kukatwa kama kamba.

Katika Kiebrania neno la tumaini ni tikva. Neno hilo hilo katika Biblia ya Kiebrania lina maana ya kamba au uzi. Katika sura ya 2 ya kitabu cha Yoshua, Rahabu anaagizwa afunge kamba nyekundu dirishani ili nyumba yake isalimike, na neno linalotumika kwa kamba ile ni tikva. Lugha mbili za nasaba tofauti, moja ya Kisemiti na nyingine ya Kibantu, zimefikia taswira zinazofanana: huku tumaini ni kamba, na kule kukosa tumaini ni kukata.

Sasa, kamba ina ncha mbili. Mtu aliyetumbukia kisimani hawezi kuokolewa kwa kamba ambayo ncha zake zote mbili ameshika yeye. Lazima pawepo mtu juu. Nawaombeni mlishike wazo hili tunapoendelea.

3. Maombolezo toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho

Sanaa ya Wayahudi iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile tunayoisoma makanisani kila Jumapili bila kukumbuka kuwa ni sanaa. Zaburi nyingi ni malalamiko. Mara nyingi mwimbaji huanza kwa kilio na kumaliza kwa sifa, na ndiyo maana tunazipenda. Lakini Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza gizani na kuishia gizani. Waliokusanya kitabu kile wangeweza kuiacha nje, au kuibandika aya ya faraja mwishoni, kama nilivyofanya mimi msibani. Hawakufanya hivyo.

Mfano mkubwa zaidi ni kitabu cha Maombolezo, kilichotungwa kuhusu maangamizi ya Yerusalemu ya mwaka 586 kabla ya Kristo. Tafsiri zetu haziwezi kuonyesha jambo moja la fani: sura nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya tatu ina aya 66, kila herufi ikipewa aya tatu. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatashangaa, kwani pwani yetu nayo ina tungo za namna hiyo zinazofuata herufi za Kiarabu. Dura Mandhuma ni mfano unaojulikana.

Kwa nini mtu ambaye mji wake umeteketea ahangaike na mpangilio wa herufi? Nionavyo, ni kwa sababu huzuni haina mwisho, lakini alfabeti ina mwisho. Mtunzi anasema yote, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha anaweza kunyamaza bila kudai kwamba amepona. Fani haimpi faraja, bali inampa mahali pa kusimama. Na katika sura ya tano, aya ni 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi umetoweka. Ni kama mtu aliyejikaza mazishini siku nne, ya tano sauti ikampasuka.

Maneno ya tumaini yamo katika kitabu kile, lakini yako katikati, ndani ya sura ya tatu. Mwisho wake ni mchungu: aya ya mwisho inaacha mashaka kama Mungu amewakataa watu wake kabisa. Kila mwaka, katika mfungo wa kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, Wayahudi hukisoma kitabu hiki katika sinagogi. Wakifika aya ya 22, hawaishii hapo. Wanairudia aya ya 21, ile inayoomba kurejeshwa, ndipo wanapofunga.

Hawakuifuta aya ya 22. Hawakumsahihisha mtunzi wala kumwambia kwamba angepaswa kuwa na imani zaidi. Walimwacha aseme uchungu wake mpaka tamati, na baada ya tamati hadhira ikaongeza sauti yake. Mtunzi alishika ncha moja ya kamba, wasikilizaji wakaishika ya pili. Mimi nilimnyang'anya bibi yule ncha yake.

4. Makopo ya maziwa

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya kale na ya ibada. Tuje karibu zaidi.

Katika Vita Kuu ya Pili, Wayahudi wa Warsaw, nchini Poland, walifungiwa na Wanazi ndani ya mtaa uliozungushiwa ukuta. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliunda kikundi cha siri kilichokusanya kila kitu: shajara, mashairi, insha za watoto, matangazo ya ukutani, hata karatasi za peremende. Walipoona kwamba wanapelekwa kuuawa, walivifukia vitu hivyo ardhini, kwanza Agosti 1942 katika masanduku ya chuma, kisha mapema mwaka 1943 katika makopo makubwa ya maziwa. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Waliobaki hai katika kikundi kile walikuwa wachache mno, na ni wao waliojua mahali pa kuchimba. Masanduku yalifukuliwa mwaka 1946, makopo mawili mwaka 1950. Sehemu ya tatu haijapatikana hadi leo.

Katika kambi ya Terezín, msanii Friedl Dicker-Brandeis aliwafundisha watoto kuchora. Kabla ya kupelekwa Auschwitz, alikouawa Oktoba 1944, aliacha masanduku mawili ya safari yenye michoro ipatayo 4,500. Wengi wa watoto wale hawakurudi. Michoro ilibaki, na sasa inatunzwa Praha, katika Makumbusho ya Kiyahudi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba sanaa iliwaokoa. Haikuwaokoa. Mwanafalsafa Theodor Adorno, aliyezaliwa Ujerumani na baba Myahudi, aliandika baada ya vita kwamba kutunga mashairi baada ya Auschwitz ni ushenzi. Miaka mingi baadaye alilegeza kauli hiyo na kukiri kwamba mateso ya kudumu yana haki ya kusemwa, kama vile mtu anayeteswa ana haki ya kupiga kelele. Naye mshairi Paul Celan, aliyepoteza wazazi wake wote wawili katika mauaji yale, aliendelea kutunga kwa Kijerumani, lugha ya mama yake ambayo pia ilikuwa lugha ya wauaji wake. Katika hotuba ya mwaka 1958 alilifananisha shairi na barua iliyotiwa ndani ya chupa na kutupwa baharini, huenda siku moja ikafika pwani. Mwaka 1970 Celan alijitoa uhai.

Tusikwepe mwisho huo. Chupa ilifika, lakini aliyeitupa alizama. Ndiyo maana nasema tusimtwike msanii mzigo wa kututia moyo. Anayefukia kopo la maziwa huenda amekata tamaa kabisa kuhusu maisha yake mwenyewe. Bado analiziba kopo vizuri ili maji yasiingie. Mkono ule unaoziba kopo unaamini kwamba yupo atakayechimba, hata kama kinywa kinasema hakuna.

5. Kutoka Mbale hadi gereza la Kenya

Afrika Mashariki nayo ina Wayahudi wake. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, aliyeishika dini hiyo mwaka 1919 baada ya kuyasoma mwenyewe maandiko ya Agano la Kale. Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979, alipiga marufuku ibada yao. Wengi waliihama dini. Waliobaki, wachache, walisali kwa kificho. Baada ya Amin kuanguka, vijana wa jumuiya ile walikusanyika upya, na chombo chao kikuu kilikuwa muziki: zaburi zilizotiwa sauti za kwaya za Kiafrika, kwa Kiluganda na Kiebrania, baadhi kwa gitaa. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa Marekani katika albamu iliyokuja kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Zaburi za kilio zilizotungwa Yerusalemu zilisubiri karne nyingi, zikapata waitikiaji wapya Mbale.

Na katika Kiswahili? Nitatoa mifano miwili.

Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kisiasa, Kenya: Twendapi? Alikaa gerezani hadi 1972. Mashairi yake aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri vilevile, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hilo lilipata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Karatasi ya chooni na kopo la maziwa ni ndugu. Vyote viwili ni vitu duni vilivyopewa amana kubwa kwa kumtegemea mtu asiyejulikana.

Mfano wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto anajiua. Baadhi ya wahakiki walimlaumu Kezilahabi kwamba anawakatisha vijana tamaa wakati taifa linajengwa. Miaka hamsini imepita, na vijana bado wanaisoma. Nimefundisha riwaya hiyo mara nyingi, na sijaona darasa lililotoka likiwa limekata tamaa. Nimeona madarasa yaliyotoka yakibishana. Mtunzi aliiacha giza jinsi lilivyo, na mabishano yale ya wasomaji ndiyo mwitikio.

6. Chini ya Hanang

Sasa turudi nyumbani. Wazee wangu wa Kiiraqw, ninyi hamkuhitaji Wayahudi kuwafundisha haya, kwani mnayo slufay. Kwa wageni wetu: slufay ni utanzu wa maombi na ushairi wa Wairaqw. Mzee mmoja hutamka, na waliokusanyika huitikia kwa pamoja. Hutaja madhara, huyaomba yaende mbali, huomba mvua, uzazi na amani. Jambo ninalotaka tulione ni kwamba bila mwitikio hakuna slufay. Mzee akitamka peke yake kichakani, huyo anaongea tu. Ubaya unatajwa na mmoja, lakini unaondolewa na wote.

Ndugu zetu Wabarbaig nao wana bung'eda, kilima cha kaburi la mzee aliyeheshimika, kinachojengwa na jamii nzima kwa miezi mingi na kufungwa kwa nyimbo na pombe ya asali. Hii nayo ni sanaa: udongo unaopewa umbo ili marehemu asisahauliwe. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua yapata ekari laki moja za nyanda za Hanang. Wabarbaig walilalamika kwamba hata makaburi hayo yalipitiwa na majembe ya matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda katika Mahakama Kuu, kisha ushindi huo ukatenguliwa katika rufaa mwaka 1985. Sikuja kuhukumu kesi. Nasema tu kwamba bung'eda ni maneno yaliyosemwa kwa udongo, na trekta ni msikilizaji asiyeitikia. Watu wa namna hiyo hawakukosa sanaa. Walikosa hadhira.

Hapo ndipo taaluma yetu inapohusika. Tumeifanya lugha ya Kiswahili iwe daraja la taifa, na ni vyema. Lakini daraja linaweza pia kuwa chujio. Mambo mengi ya Kiiraqw na Kidatooga yanapovuka kuingia Kiswahili huvuka yakiwa yamelainishwa: majonzi yanakuwa salamu za rambirambi, hasira inakuwa shukrani kwa viongozi. Tulivyofanya hivyo mara nyingi tumeamini kwamba tunalinda tumaini. Ukweli ni kwamba tumeikata kamba upande wetu.

7. Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tungo zilizotungwa katika misiba ya Desemba 2023 zikusanywe sasa, wakati waliozitunga wangali hai, kwa ridhaa yao na katika lugha zao, kama kikundi cha Ringelblum kilivyokusanya hata karatasi za peremende. Pili, zitafsiriwe kwa Kiswahili kizima, aya ya 22 ikiwamo. Tatu, nakala za kwanza zitunzwe hapa, katika shule na makanisa ya Hanang, kabla ya kupelekwa katika maktaba za vyuo.

Mwisho, deni langu. Kabla ya mhadhara huu nilikwenda kwa bibi yule kumwomba radhi, na kumwomba ruhusa ya kutafsiri upya. Aliniruhusu kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. Basi, alichosema siku ile ni hiki. Aliuambia mlima kwamba kwa miaka sabini aliutazama kila asubuhi kabla ya kuutazama uso wa mtu yeyote, na kwamba maji yote aliyokunywa yalitoka kwake. Akauuliza kama ulikuwa ukihesabu, na kama sasa umekuja kudai malipo. Akamwambia Mungu kwamba yeye ni mzee, na kwamba waliochukuliwa walikuwa watoto. Kama ni hesabu, imekosewa, na wala si yeye aliyeikosea. Akasema hana neno jingine. Akaketi.

Hakukuwa na sentensi ya matumaini. Ile ilikuwa yangu. Nilipomuuliza kama angependa kuongeza chochote, alinijibu kwamba yeye alishamaliza sehemu yake, na kwamba siku ile alikuwa akisubiri watu waitikie.

Mabibi na mabwana, wazee wangu, nimemaliza yangu. Sasa, kama ilivyo desturi ya mahali hapa, nawaachia ninyi.